Kufunga ni Kazi Nyingine

Kijana anayejifunza ufundi wa magari leo anatembea na mwalimu mfukoni. Akitaka kujua namna ya kushusha giaboksi, kufungua rejeta au kuchomoa usukani, simu yake itamwonyesha mikono ya fundi wa mbali ikifanya kazi hiyo hiyo, tena kwa picha safi kuliko atakayoipata akichungulia begani kwa mkubwa wake gereji. Sina ugomvi na video hizo. Zimewafikia watu ambao hakuna chuo kingewapokea. Ila nyingi nilizozitazama zina upungufu ule ule: kufungua kunaonyeshwa nati kwa nati, halafu picha inakatika, gari linatokea limekamilika, na msimulizi anasema kwamba kurudisha ni kinyume cha kufungua. Sentensi hiyo ni ya zamani kuliko simu. Imechapwa katika vitabu vya ufundi vya miongo mingi, mara nyingi ikiwa mstari mmoja baada ya kurasa za maelezo ya kufungua, na kila ninapoisikia inanirudisha kwenye miaka niliyofanya kazi katika karakana ya magari ya kale jimboni Michigan, Marekani. Kazi iliyonishawishi huko kwamba sentensi hiyo si kweli ni kuunga upya mhimili wa usukani unaoinama na kurefuka, ule ambao mafundi wa kwetu huuita stelingi kolamu. Ninachoamini tangu wakati ule ni kwamba kufunga kuna elimu yake, hatari zake na vipimo vyake, na anayefundisha kufunga kama kivuli cha kufungua anamwacha mwanafunzi pale hasa anapomhitaji.

Kwanza nieleze kifaa chenyewe, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya umbo lake. Mwaka 1963 General Motors, kupitia kitengo chake cha Saginaw kilichokuwa Michigan, ilianza kuuza usukani unaoweza kuinamishwa juu na chini ili dereva mfupi na dereva mrefu wote wakae vizuri. Mwaka 1965 Cadillac ikatoa usukani unaoinama na pia kuvutwa kumkaribia dereva au kusukumwa mbali naye. Wakati huo mhimili wa magari mengi ulikuwa chuma kigumu kilichomwelekea dereva kifuani, na Ralph Nader, katika kitabu chake Unsafe at Any Speed cha mwaka huo huo wa 1965, aliishambulia hatari hiyo waziwazi. Kuanzia magari ya mwaka 1967 GM iliweka mhimili unaojikunja gari linapogonga, na kuanzia 1 Januari 1968 viwango vya shirikisho namba 203 na 204 vikaweka mipaka: cha kwanza juu ya nguvu inayomfikia dereva anapotupwa kwenye usukani, cha pili juu ya umbali ambao mhimili unaruhusiwa kurudi nyuma kumwelekea. Katika magari ya GM ya mwaka 1969 swichi ya ufunguo nayo ikahama kutoka dashibodi ikaingia kwenye mhimili pamoja na kufuli la usukani. Hivyo mrija mmoja ukabeba kugeuza tairi, kuinama, kurefuka, indiketa, taa za hatari, honi, ufunguo, kufuli, mara nyingi na leva ya gia pia, na juu ya yote hayo ukatakiwa kujikunja kwa mpangilio siku ya ajali. Ukifungua kitu cha namna hiyo unakuwa umeligusa kila jukumu kati ya hayo, hata kama mteja alileta gari kwa sababu ya indiketa tu.

Kufungua kwenyewe hakuhitaji akili nyingi kama watu wanavyodhani. Unahitaji pula ya kuvuta usukani, kifaa cha kukandamiza bamba la kufuli ili ringi ndogo ya chuma iliyo juu yake itoke, bisibisi, na uvumilivu wa kuchomoa pini mbili za egemeo ambazo kichwa cha mhimili huinamia juu yake. Sehemu zinatoka zenyewe kwa sababu springi zilizokuwa zimebanwa zinataka kutoka, na kila kinachotoka kinaonyesha kinachofuata. Anayefumua mkeka hahitaji kujua kusuka. Kufungua hakutoi vyuma peke yake. Kunaondoa pia hali ambazo vyuma hivyo vilikuwa nazo, na hali haziokotwi sakafuni. Springi iliyokuwa imebanwa sasa imelegea, na haisemi ilibanwa kiasi gani wala kichwa kilikuwa kimeelekea wapi ilipoingizwa. Shafti mbili zilizokuwa zinaelekeana kwa namna moja tu sasa zinaweza kuelekeana kwa namna mbili. Waya zilizopita katika njia yake nyembamba ndani ya mrija sasa ni fungu mkononi. Mfungaji hurudisha vyote viwili, vyuma na hali zake, na hizo hali hazikuonekana wakati wa kufungua.

Kiungo cha katikati ndicho ushahidi wangu wa kwanza. Ili usukani uinamishwe, shafti ya juu na ya chini zinakutana kwenye kiungo chenye tufe dogo lililogawanyika nusu mbili, na springi katikati yake inayoondoa mchezo. Kuzitenganisha unaikunja moja karibu pembe mraba na nyingine, nazo zinaachana. Kuziunganisha tena kunaonekana ni tendo lile lile likirudi, na mkono hautahisi tofauti yoyote ukizikutanisha zikiwa zimepishana nusu mzunguko. Vitabu vya GM vilionya waziwazi kwamba shafti zisipolinganishwa usukani utakaa umegeuka digrii 180. Mwanafunzi akiona usukani umekaa chini juu, kishawishi chake cha kwanza ni kuuchomoa usukani peke yake na kuugeuza, naye atadhani amemaliza. Kumbe kila kilicho kati ya usukani na kiungo bado kimeachana na kilicho chini yake. Hilo hakuna anayelijifunza kwa kufungua, kwa sababu aliyefungua alizikuta shafti zimelingana tayari.

Ushahidi wa pili uko kwenye ufunguo. Silinda ya ufunguo inazungusha kipande chenye meno, nacho kinasukuma reki yenye meno inayovuta fimbo hadi kwenye swichi ya umeme iliyo juu ya mrija, chini ya dashibodi. Jino pana la reki lazima liingie kwenye nafasi yake pana, na hapo kila kitu kinatulia. Meno yakipishana, ufunguo unazunguka vizuri kabisa mezani, mtu anafurahi, halafu gari likirudishiwa betri haliwaki, au linawaka lakini kufuli la usukani haliachii mahali panapotakiwa. Swichi yenyewe pia ina nafasi ya kusogezwa kabla ya kukazwa, na inakazwa ikiwa katika hali moja iliyotajwa na kitabu, si popote itakapoangukia. Hapa ndipo nilipoanza kutenganisha kichwani mambo mawili ambayo lugha ya gereji huyachanganya: kitu kuwa mahali pake, na kitu kuwa katika zamu yake. Jino linaweza kuwa mahali pake sawasawa na bado liwe limechelewa.

Wapo watakaosema kwamba tatizo hili limekwisha, kwa sababu kila fundi sasa ana kamera. Apige picha kila hatua, aweke alama ya rangi kwenye shafti kabla ya kuzitenganisha, apange skrubu kwenye vikopo kwa mpangilio, na kurudi kutakuwa rahisi. Alama ya rangi naikubali kwa moyo wote, maana ni njia ya kuihifadhi hali kabla haijapotea, na nisingemruhusu mtu yeyote afungue bila hiyo. Lakini alama haipigwi bila kujua ni wapi patakapoleta shida baadaye, na ujuzi huo unatoka kwenye kufunga. Picha nayo inaonyesha mahali tu. Haionyeshi nguvu iliyomo kwenye springi ya kuinamishia, ambayo inaingizwa kichwa kikiwa kimeinuliwa hadi mwisho wa juu, kwa sababu hapo tu ndipo imelegea kiasi cha kumruhusu mtu kuisukuma na kuizungusha hadi ikamate. Picha iliyopigwa usukani ukiwa katikati itamdanganya fundi apigane na springi hiyo, na mapigano ya namna hiyo huisha kwa bisibisi kuteleza na kiganja kuchanika. Haionyeshi pia iwapo viatu viwili vyenye meno vinavyoshika mwinamo vilikaa sawa katika kila nafasi, au vilikuwa tayari vimechakaa. Zaidi ya yote, picha ni kumbukumbu ya mhimili jinsi ulivyoletwa, na mhimili ulioletwa gereji mara nyingi umeshawahi kufungwa vibaya na mtu mwingine. Fundi anayerudisha kila kitu kama alivyokikuta anarudisha na makosa ya mwenzake.

Ningeishia hapo kama suala lingekuwa usumbufu tu, gari lisilowaka au honi inayolia yenyewe kwa sababu waya umebanwa. Uzito wa jambo uko kwenye kile kisichoonekana hadi siku ya ajali. Mhimili unaojikunja umeshikwa usijikunje ovyo kwa pini za plastiki zilizomiminwa ndani ya shafti na mrija, zinazokatika nguvu ikizidi kiasi. Vitabu vya kiwanda vilikataza kuipiga ncha ya shafti kwa nyundo, kuuegemea mhimili uliotolewa, au kuuangusha, kwa kuwa kishindo kimoja kinaweza kuzikata au kuzilegeza pini hizo bila mtu kujua. Hapo fikiria tabia ya kawaida kabisa ya kufunga: kitu kimekataa kuingia milimita chache za mwisho, na mkono unaifuata nyundo. Kwenye ekseli nyundo hiyo pengine ina haki yake. Kwenye mhimili wa usukani inaharibu kifaa cha usalama na kuacha kila kitu kikionekana kizima. Vitabu hivyo hivyo vilisisitiza kutumia skrubu na bolti za urefu uliotajwa tu, maana skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kuizuia sehemu ya mhimili isijikunje. Skrubu ndefu haitoki kwenye kufungua. Inazaliwa wakati wa kufunga, pale ya asili inapopotea na fundi anapokwenda kwenye kopo la masalio. Tathmini ya wakala wa usalama wa magari wa Marekani, NHTSA, iliyotolewa mwaka 1981, ilikadiria kwamba mihimili iliyotengenezwa kufuata viwango vile viwili ilipunguza hatari ya dereva kufa katika ajali za mbele kwa takriban asilimia 12. Faida hiyo imo ndani ya pini za plastiki, vishikizo vinavyoachia chini ya dashibodi, na skrubu fupi. Aliyefungua hakuipoteza. Anayefunga ndiye anayeweza kuipoteza, na hakuna taa itakayowaka kumwambia.

Sasa mtu mwenye uzoefu anaweza kunijibu kwamba nimeiparamia sentensi yenyewe kwa ukali. Aliyeandika kwamba kurudisha ni kinyume cha kufungua alimaanisha mfuatano wa sehemu: kilichotoka mwisho kinaingia kwanza. Kwa maana hiyo ni kweli, na sina sababu ya kuikana. Lakini hata mfuatano haugeuki wote. Katika mhimili huu kuna hatua za kufunga zisizo na mwenzake upande wa kufungua: kulinganisha, kupaka grisi, kupima mkazo, kuzungusha kitu hadi mwisho wake ili kujua katikati ni wapi, na kujaribu kabla ya kuendelea. Kujaribu ndiko kukubwa zaidi. Mfungaji mzuri anasimama baada ya kila tabaka: anainamisha kichwa katika nafasi zote, anauvuta na kuusukuma usukani, anazungusha ufunguo kutoka mwanzo hadi mwisho, anatazama kama indiketa inarudi yenyewe kutoka pande zote mbili. Bolti nne zinazoshikilia egemeo la kichwa kwenye mrija ni mfano wa kinachotokea mtu asiposimama. Ndizo sababu inayojulikana sana ya usukani wa magari hayo kulegea na kucheza mkononi, nazo zimejificha ndani kiasi kwamba kuzifikia lazima ufungue karibu kichwa chote. Aliyezirudisha bila kuzikaza kwa kipimo atagundua baada ya kumaliza kila kitu, na atalazimika kuanza upya. Kwenye kufungua hakuna hatua hata moja inayoadhibu namna hiyo.

Pingamizi jingine linatoka nyumbani kwetu, nami naliheshimu kwa sababu lina njaa ndani yake. Mteja hana pesa wala muda, na kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika mhimili mzima unapatikana. Kwa nini fundi ahangaike na springi na meno badala ya kuchomoa mmoja na kuweka mwingine? Au kwa nini asichomelee sehemu inayocheza, usukani ukae pale pale milele, na gari liende? Kuhusu kuchomelea nitasema wazi: mhimili uliochomelewa haujulikani tena utajikunjaje, na dereva aliyeambiwa kwamba amepoteza mwinamo tu hajaambiwa yote. Kuhusu kubadilisha mzima, mara nyingine ndiyo njia sahihi. Lakini kubadilisha hakumwepushi mtu na kufunga. Mhimili uliotoka kwenye gari lililogongwa unaweza kuwa umeshajikunja kidogo, na anayenunua bila kulinganisha urefu wake na kukagua vishikizo vyake ananunua kifaa ambacho kazi yake ya mwisho imeshafanyika. Na ukifika kwenye gari, zile hali zinakusubiri pale pale.

Katika Toyota nyingi zinazoingia Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, usukani una mfuko wa hewa, na waya zake hupita kwenye utepe uliojiviringisha ndani ya kasha la duara. Kabla ya kugusa, betri inachomolewa na kusubiriwa angalau sekunde 90. Wakati wa kurudisha, kasha linazungushwa kinyume cha saa hadi ligome, kisha linarudishwa kama mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane, huku tairi za mbele zikiwa zimenyooka. Fundi akiliweka popote, usukani utageuka vizuri siku hiyo. Utepe utakatika dereva atakapokata kona kali hadi mwisho, honi itanyamaza, na taa ya mfuko wa hewa itawaka. Vilevile usukani ukipandishwa jino moja pembeni kwenye shafti, unakaa upande gari likienda moja kwa moja, na zipo gereji zinazolitatua hilo kwa kuzungusha tairodi. Usukani unanyooka machoni, lakini boksi la stelingi limetolewa katikati yake, na gari linakata kona upande mmoja zaidi ya mwingine. Kosa lilikuwa la jino moja juu, likatibiwa chini kabisa kwa sababu hakuna aliyetaka kufunga mara ya pili.

Hapa pesa inaingia, na ni haki iingie. Mteja anaona vipande vingi vikitoka na anaelewa kwamba kazi inafanyika. Akirudi na kumkuta fundi ameshika shafti mbili anazitazama, anadhani amekwama. Kufungua kuna kelele na jasho, kufunga kuna ukimya, na malipo hufuata kelele. Matokeo yake fundi anaharakisha pale ambapo haraka ni ghali zaidi. Nisingependa tumlaumu mteja kwa hilo. Fundi ndiye anayeweza kuandika kwenye hesabu yake mistari miwili badala ya mmoja, muda wa kutoa na muda wa kurudisha na kujaribu, na kumweleza mteja kwa nini wa pili ni mrefu. Wateja wengi wakiambiwa kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoamua usukani utafanyaje gari likigonga, hawabishi kama tunavyoogopa.

Na kwa wanaofundisha na kupima, wakiwemo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ambao wamekuwa wakiwatambua rasmi mafundi waliopata ujuzi wao mtaani, ningependekeza jambo la gharama ndogo. Mihimili iliyokufa iko kwa wauza vyuma chakavu, na bei yake ni ya chuma. Mtahiniwa asipewe mhimili mzima aufungue, kwa sababu hilo litaonyesha nguvu ya mikono yake tu. Apewe ambao mwingine ameufungua, usio na alama ya rangi, sehemu zikiwa ndani ya sinia bila mpangilio, pamoja na kitabu chake. Aachwe alinganishe shafti, atafute jino la reki, abane springi kichwa kikiwa juu, ajaribu kila tabaka. Ndani ya sinia iwekwe skrubu moja ndefu kuliko inavyotakiwa, inayoingia bila shida kwenye tundu lake, na msimamizi atazame kama mtahiniwa ataipima kwanza au ataikaza.